Mama asiambiwe, presha itapanda

Mama mdogo alifariki Jumanne alfajiri. Mama, dada yake aliyemlea na kumbeba mgongoni, aliambiwa Alhamisi jioni. Katikati hapo nyumba yetu ya Machame ilikuwa na watu wazima tisa wanaojua na mmoja asiyejua. Simu ya mama ilikuwa chumbani kwangu "inachaji". Redio ikawa "imeisha betri". Jirani aliyekuja mbio na kilio mdomoni alidakwa na kaka yangu kwenye migomba, akarudishwa alikotoka kwa njia ya juu. Sisi wengine tulipika, tukafagia, tukamsemesha mama habari za mvua.

Sababu haihitaji maelezo. Karibu kila ukoo ninaoufahamu umewahi kuitamka: mama asiambiwe kwanza, presha itapanda.

Alhamisi akaja mchungaji na wazee wawili wa kanisa. Mama aliwatazama wakivua kofia, akasema, "Semeni tu. Nimejua tangu juzi, mlipoanza kunichekea." Hakulia pale. Alilia usiku. Asubuhi binti wa jirani, ambaye ni muuguzi wa zahanati, akaja na mashine yake: 188 kwa 102. Kaka akanitazama kama mtu aliyeshinda kesi. Unaona? Ndiyo maana tulisubiri.

Nilikubaliana naye. Ilipita miezi ndipo nikajiuliza swali ambalo hakuna hata mmoja kati yetu tisa aliyeliuliza wiki ile: mama alikuwa amekunywa dawa zake? Hakuwa amekunywa. Vidonge vyake hukaa kwenye kopo la Blue Band, kopo hukaa kabatini, na kabati lilikuwa kwenye chumba tulichowapa wageni. Siku nne hakumeza hata kimoja. Na usiku wa Jumanne na wa Jumatano hakulala, kwa sababu alijua kuna mtu amekufa ila hakujua ni nani. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa akijilaza anatuhesabu sisi, watoto wake, mmoja mmoja, akikumbuka sauti ya nani hajaisikia siku hizo.

Yaani tulimlinda na habari ya kifo kimoja, tukamwachia awaze vitano.

Lawama nyingine naibebesha lugha. Neno presha linafanya kazi mbili kwa mshahara mmoja. Kwa daktari ni nguvu ya damu inavyosukuma kuta za mishipa. Namba ya juu ni moyo unaposukuma, ya chini ni moyo unapopumzika, na ukipimwa siku tofauti ikaonekana 140 kwa 90 au zaidi, unaambiwa una shinikizo la juu la damu. Kwa sisi wengine presha ni hiyo, na pia ni ada ya shule, ni bosi, ni Simba na Yanga dakika ya 89. Usinipe presha. Huyu mtoto atanipandisha presha. Tukisema hivyo hatujui wenyewe tunazungumzia mshipa au roho, na mara nyingi hatujali.

Mchanganyiko huo una faida yake, na siidharau. Kijijini kwetu hakuna mtu atakayekwambia ana sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Ukisema akili yako haijatulia, utani wa Mirembe unaanza kabla hujamaliza sentensi, kana kwamba hospitali ile ya wagonjwa wa akili ya Dodoma ilijengwa ili watu wapate cha kuchekea. Lakini ukisema "presha inanisumbua", unaletewa uji, watoto wanaambiwa wapunguze kelele, na mwenyekiti wa kikundi anakusamehe faini. Presha ni ugonjwa wenye heshima. Baba alipofariki, mama "alisumbuliwa na presha" miaka miwili mfululizo. Hakuwa na hamu ya kula, aliamka saa tisa usiku, aliacha hata kupalilia kahawa, kazi aliyokuwa anaipenda kuliko ibada. Kliniki walimpima, wakaandika namba, wakamwongezea dozi. Leo nikikumbuka, naona sehemu kubwa ya presha ile ilikuwa majonzi yaliyokosa jina lingine la kuandikiwa cheti.

Hasara yake nayo ni kubwa. Ukiamini kwamba presha ni hasira na mawazo, basi siku usiyo na hasira wala mawazo huna presha, na dawa ya nini? Mama alikuwa anakunywa amlodipini, kidonge chake cha kushusha presha, kama mtu anavyokunywa dawa ya kichwa: kikigonga, anameza; kikitulia, anaweka akiba. Ugonjwa wenyewe haufanyi kazi hivyo. Kwa watu wengi haugongi kichwa, haupigi hodi. Unakaa kimya miaka kumi ukila figo na mishipa ya ubongo, halafu siku moja mtu anaamka mdomo umekwenda upande. Machame iko wilaya ya Hai, na Hai ni moja ya sehemu mbili, pamoja na Ilala ya Dar es Salaam, ambako watafiti walipima watu wazima na kuchapisha matokeo mwaka 2000. Karibu watu 3 kati ya 10 walikuwa na shinikizo la juu, mjini na mlimani sawasawa. Waliokuwa wanajijua hawakufika hata mmoja kwa kila watano. Hao ni majirani zetu, watu wa ndizi na kupanda mlima kwa miguu.

Wala si sisi peke yetu tulio na neno la namna hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti huko New Orleans, Marekani, waliandika juu ya wanawake Weusi waliogawa ugonjwa huu mara mbili: mmoja wa damu, wa kutibiwa kwa chakula na vidonge, na mwingine wa neva, unaopanda mtu akichokozwa na kushuka akitulia. Walioamini huo wa pili ndio walioacha dawa zaidi. Niliposoma hilo nilimwona mama na kopo lake la Blue Band.

Basi na mimi nikapata zamu yangu.

Ilikuwa Jumapili, mwaka uliofuata, nje ya kanisa Moshi mjini. Kulikuwa na turubai, viti vya plastiki na upimaji wa bure. Nilikaa kwa sababu mke wangu alikuwa bado anasalimiana na watu. Nesi akapima, akanyamaza, akapima mkono wa pili, akaniuliza, "Baba, umekuja na nani?" Ukishaulizwa umekuja na nani, huhitaji tena kuambiwa namba. Ilikuwa 171 kwa 108. Nilikuwa na miaka 43.

Kesho yake nikanunua mashine duka la dawa. Mimi ni mhasibu, kwa hiyo nilifanya kile mhasibu anachofanya akiogopa: nikatengeneza jedwali. Safu ya tarehe, safu ya saa, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, wastani. Siku moja nilijipima mara 19. Nikipata 150 nilijipima tena kutafuta 140. Nikipata 160 nilijipima tena kuthibitisha kwamba mashine ni mbovu. Nikipata 165 mikono ilianza kutoka jasho na ya mara ya nne ilikuwa 174. Mke wangu aliificha mashine ndani ya pipa la unga. Niliipata.

Wiki ya tatu, saa nane usiku, niliamka moyo ukinienda mbio, vidole vimekufa ganzi, kifua kimebanwa, hewa haiingii. Niliaga. Nasema kweli, nilimwambia mke wangu namba ya siri ya benki. Jirani akatupeleka hospitali moja ya binafsi, ambako walinibandika nyaya kifuani wakasoma umeme wa moyo, wakachukua damu, wakaniweka hadi kulipopambazuka. Moyo ulikuwa mzima. Daktari aliyekuwa zamu aliniambia, huku anaandika, "Huna kitu. Ni mawazo tu."

Ile "tu" nilirudi nayo nyumbani. Ndani yake kulikuwa na habari mbili, na zote mbili sikuzipenda: kwamba nilichokipata usiku ule hakikuwa kitu, na kwamba kwa kuwa ni mawazo, presha nayo si yangu kweli. Habari hii ya pili ilinifurahisha kidogo, nisidanganye. Niliacha kujipima. Kidonge hata sikuwa nimeanza.

Kuna ukweli fulani pale, ndiyo maana unapotosha. Mwaka 1983 Giuseppe Mancia na wenzake wa Milan, Italia, walichapisha jaribio ninalolipenda. Wagonjwa 48 walikuwa na kipimo kilichowekwa ndani ya mshipa wenyewe, kinachosoma presha muda wote bila mkono wa mtu. Kisha daktari akaingia chumbani kuwapima kwa kawaida. Kwa wagonjwa karibu wote presha iliruka: kwa wastani namba ya juu iliongezeka kama 27 na ya chini kama 15, ndani ya dakika nne za mwanzo, halafu ikaanza kushuka. Daktari hakuwa amewafanya kitu. Alikuwa ameingia tu. Kwa hiyo 171 yangu ya chini ya turubai, huku waumini wakipita na kunipungia mkono, ilikuwa na koti jeupe ndani yake, yaani ile presha inayopanda kwa sababu tu mpimaji yuko mbele yako. Na zile 174 za mara ya nne zilikuwa na mimi mwenyewe ndani yake.

Lakini presha ya koti jeupe hujulikana kwa kulinganisha na ya nyumbani iliyopimwa ipasavyo, haijulikani kwa kukisia. Aliyenilazimisha kulinganisha ni tabibu wa kituo cha afya nilikoenda miezi miwili baadaye kwa ajili ya mafua ya mtoto. Alinipima nami kwa sababu mashine ilikuwa mezani, akaona, hakushtuka. Akauliza, "Kaka, unalala saa ngapi?"

Nikamwambia saa nne.

"Unaamka?"

Saa tisa.

"Kila siku?" Akaweka kalamu chini, akasubiri. Foleni ilikuwa ndefu nje, na yule mtu akasubiri.

Nikamwambia kitu ambacho mke wangu hakukijua chote. Mdogo wangu wa Dar, mwenye duka la vipuri, mtaji ulimkatika, akaingia kwenye mikopo ya kausha damu. Wanaoishi nje ya Tanzania pengine hawajalisikia jina hili: ni mikopo midogo ya haraka, riba yake inakimbia kuliko biashara, marejesho ni ya kila wiki au kila siku, na watu wenyewe ndio walioipa jina, bila kumuuliza daktari. Nilikuwa mdhamini. Simu za kudai zilikuwa zimeanza kuja kwangu. Na juu ya yote lilikuwepo agizo la familia: mama asiambiwe. Kila Jumamosi nilipanda Machame, nakaa naye jikoni, nasema duka la mdogo wangu linaenda vizuri, wateja ni wengi, Mungu mkubwa.

Tabibu hakuniambia niache mawazo. (Nashangaa watu wanaotoa ushauri huo. Ungekuwa unawezekana, nani angebaki nayo?) Alinieleza kinachotokea. Ukishtuka, ubongo unaamsha mishipa ya fahamu, na tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini. Moyo unapiga haraka, mishipa ya damu inajibana, presha inapanda. Mwili umejiandaa kukimbia chui. Chui akiondoka, presha inarudi, na kupanda kwa namna hiyo hakumpi mtu ugonjwa wa kudumu. Shida ni chui asiyeondoka. Homoni ya kotisoli ikibaki juu, mwili unashikilia chumvi na maji. Kisha kuna usingizi: kwa kawaida presha hushuka usiku asilimia 10 hadi 20, ndiyo mapumziko pekee ya mishipa, na anayekesha anawanyima mapumziko hayo moyo na figo zake. Na kuna njia ya mzunguko, ambayo yeye aliiona kubwa kuliko zote: mtu mwenye mawazo anakula ovyo, anaongeza bia ya kumlaza, haendi mazoezini, anasahau kidonge. Uchambuzi mmoja wa tafiti, uliochapishwa Marekani mwaka 2000, ulikuta kwamba uwezekano wa mgonjwa mwenye sonona kutofuata matibabu ni mara 3 ya ule wa asiye nayo. Mama hakusahau vidonge vyake miaka ile miwili ya msiba wa baba. Hakuona sababu ya kuvikumbuka.

Halafu akanipa kazi ya nyumbani. Wiki moja tu, asubuhi na jioni, mara mbili kwa kila kikao. Nikakojoe kwanza. Nisiwe nimekunywa kahawa nusu saa kabla, amri ngumu kwa mtu wa Kilimanjaro. Nikae dakika tano nimeegemea kiti, miguu chini, mkono mezani usawa wa moyo, nisiongee na mtu. Niandike, nifunge daftari, nisirudie. Kwa nyumbani mstari ni 135 kwa 85.

Wastani wangu ulikuwa 148 kwa 94.

Kwa hiyo nilikuwa na vyote viwili. Yale ya usiku yalikuwa shambulio la hofu, yana jina na yana tiba. Presha nayo ilikuwa presha, ingekuwepo hata kama mdogo wangu angekuwa tajiri. Baba yake baba alikufa kwa kiharusi, na mimi nilikuwa na kilo 91. Nilianza amlodipini, ikanivimbisha vifundo vya miguu kidogo, na nikaanza kuonana na mtaalamu wa saikolojia mara moja kila wiki mbili. Niliona aibu zaidi kwenye benchi la huyu wa pili. Nilikaa nimefunika uso kwa gazeti kama mtu anayekwepa mdai, na kweli nilikuwa namkwepa.

Tangu hapo nimekuwa msomaji wa mambo haya, na kuna habari mbili za jirani zetu Kenya ambazo haziniachi. Mwaka 1929 daktari Mwingereza aitwaye Donnison, aliyefanya kazi Kisii, alichapisha vipimo vya watu kama 1,000 wa eneo lililoitwa Kavirondo Kusini. Ulaya ilijulikana kwamba presha hupanda kadiri mtu anavyozeeka. Kwa watu wale, baada ya miaka 40 ilielekea kushuka. Kisha mwaka 1990 BMJ, jarida la kitabibu la Uingereza, likatoa utafiti wa Wajaluo waliohama vijiji vya kando ya Ziwa Victoria kwenda Nairobi. Ndani ya miezi ya mwanzo tu presha zao zilikuwa zimeshapita za waliobaki nyumbani. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi na potasiamu kidogo, uzito ulikuwa umepanda, na mapigo ya moyo yalikuwa ya kasi zaidi, ishara ya mwili ulio macho muda wote. Ni chumvi ya mjini au ni kodi ya chumba? Mtu akishuka kwenye basi hukutana navyo vyote siku ileile. Nawashuku wanaotaka jibu moja, wawe wauza virutubisho wanaosema ni chakula tu, au wahubiri wa utulivu wanaosema ni mawazo tu.

Hata dawa zenyewe hazikuwahi kutenganisha mambo haya. Kwetu Uchaggani mbege, pombe yetu ya ndizi, hutiwa gome la msesewe. Mti huo ni wa jamii moja na mmea wa India ambao mwaka 1952 wanakemia wa Basel, Uswisi, walitoa ndani yake reserpini. Ilishusha presha, ikatuliza pia wagonjwa wa akili. Miaka miwili baadaye daktari Mmarekani Edward Freis akaripoti wagonjwa wa presha waliokunywa dozi kubwa kwa muda mrefu wakatumbukia kwenye sonona. Wachambuzi wa baadaye wamelitilia shaka hilo, lakini taarifa za namna ile zilisaidia kuwaamsha wanasayansi waanze kuuliza ni kemikali gani za ubongo zinahusika na huzuni. (Wajomba zangu msichangamke. Pombe inapandisha presha, iwe ya ndizi au ya chupa.) Leo pia ziko dawa za sonona, kama venlafaxini, zinazoweza kuipandisha presha, na nyingine, kama amitriptilini, zinazoweza kuishusha ghafla ukisimama. Anayetibiwa kote kuwili amweleze kila daktari dawa anazopewa na mwenzake.

Mwezi Machi mdogo wangu alifunga duka. Kaka alipiga simu usiku uleule. Sikumruhusu afike kwenye sentensi yenyewe. Nilimwambia Jumamosi nitamweleza mama. Akanyamaza, kisha akasema yatakayotokea yatakuwa juu yangu.

Nilifika kabla ya saa nne. Nilianza na kopo la Blue Band. Sasa linakaa jikoni, juu ya rafu ya chumvi, na cha siku ile alikuwa amekwishameza. Nikakaa. Nikamwambia yote, duka, mikopo, udhamini wangu, na Jumamosi zote nilizomdanganya. Alikuwa anamenya ndizi. Hakuacha kumenya.

"Kiasi gani?"

Nikamtajia.

Alimenya mbili tatu. "Anakula? Analala wapi?" Nikamjibu. Akasema aje nyumbani, kahawa zina miaka hazijapaliliwa. Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akauliza, "Na wewe yako ngapi?"

Nikadhani ni deni. Nikaanza kumweleza sehemu ya mdhamini.

"Presha, mwanangu. Nimeona vidonge kwenye begi lako tangu Krismasi."

Akaitoa mashine, akaisukuma upande wangu wa meza, akasema nianze mimi. Dakika tano tukakaa bila kusema neno, miguu chini, maganda ya ndizi katikati yetu. Yangu ilikuwa 139 kwa 88. Yake 146 kwa 84. Akafungua daftari lake la kliniki, akaandika yake na tarehe, na chini yake, kwa kalamu ileile, akaandika yangu.